Makaratasi yamekushinda nyumbani? Anza na dalili, usianze na kabati jipya

Malalamiko ya watu kuhusu makaratasi nyumbani yanafanana mno. Huyu haoni cheti chake, yule meza yake haikai safi hata wiki, mwingine faili limevimba hadi halifungi. Wote hukimbilia dawa ileile: kununua boksi jingine. Ukweli ni kwamba karatasi ikishaingia ndani ya nyumba hupitia hatua nne tu. Inaingia, inaamuliwa, inawekwa, na ikishatumika inarudi. Kila dalili iliyo hapa chini ni karatasi iliyokwama kwenye hatua mojawapo, na ukijua imekwama wapi, kazi inapungua. Zinazosumbua sana ni kuamua na kurudisha. Kuweka, ambako ndiko pesa za maboksi huishia, mara nyingi hakuna shida yoyote.

Chini ya kila dalili, sababu zimeanzia inayotokea sana hadi ya nadra. Usirukie ya mwisho kwa kuwa ndiyo inayotisha.

Dalili: Hati ipo, una hakika ipo, ila inapohitajika haionekani

Sababu ya kwanza, na imeziacha nyingine mbali, ni kwamba hati ilitolewa, ikatumika, haikurudishwa. Kwa hiyo kabla hujapindua kabati, jiulize ilitumika mara ya mwisho kwa shughuli gani, kisha pekua vitu vya shughuli hiyo: mkoba uliobeba siku ile, bahasha uliyotoka nayo ofisini, mfuko wa koti, kiti cha nyuma cha gari, na chini ya kifuniko cha skana au mashine ya fotokopi. Hapo pa mwisho pamenasa wengi. Mtu anatoa nakala, anaichukua nakala, anaondoka zake. Hati halisi inabaki kwenye kioo, imelala kifudifudi. Kama fotokopi ulipiga nje, ulizia huko kwanza.

Sababu ya pili: hati imeng'ang'aniwa na nyingine. Klipu hunasa karatasi ya jirani, cheti kikajikuta katikati ya mkataba usiohusiana nacho. Kila fungu lililobanwa lipekue ukurasa kwa ukurasa, usiishie kutazama wa juu. Bahasha unazoamini ni tupu zipapase kwa vidole hadi kwenye pembe. Karatasi iliyokunjwa vizuri hulala bapa humo ndani na jicho lisiione.

Tatu ni jina la faili. Faili lililoandikwa "Muhimu" ni sawa na faili lisilo na jina, maana siku unapoiweka karatasi kila kitu ni muhimu. "Mengineyo" ni baya zaidi. Andika kitu utakachokuwa unakifikiria siku ya kutafuta. "Gari" linafaa kuliko "Bima", kwa sababu gari likigongwa utataka bima, kadi ya usajili na risiti za matengenezo kwa mpigo mmoja.

Nne, watu wawili nyumbani wana mipango miwili. Mmoja anapanga kwa tarehe, mwenzake kwa aina. Hapa hakuna fundi. Kaeni chini mkubaliane, na andikeni orodha ya mafaili ubandike upande wa ndani wa mlango wa kabati.

Marekebisho ya kudumu ya sababu ya kwanza ni kipande cha kadi chenye rangi kali. Hati ikitoka, kadi inaingia mahali pake, imeandikwa nani kachukua, lini, na kaipeleka wapi. Masjala za ofisi zimefanya hivi miaka nenda rudi, na nyumbani kadi tano zinatosha.

Kama kupanga kwa mada kumekushinda kabisa, jaribu mbinu iliyoenezwa miaka ya 1990 na mchumi wa Japani, Noguchi Yukio. Kila jambo lipe bahasha yake kubwa ya kuenea A4, andika jina na tarehe pembeni, zisimamishe kwenye rafu. Bahasha mpya huingia kushoto kabisa. Ukiitoa moja ukaitumia, usihangaike kukumbuka ilikotoka. Irudishe kushoto kabisa. Baada ya miezi kadhaa zinazotumika zimejikusanya kushoto zenyewe, na zilizosukumwa hadi mwisho wa kulia ndizo za kukagua. Kasoro yake ni kwamba hati ya nyumba, ambayo huigusi miaka kumi, nayo itasukumwa kulia pamoja na takataka. Nyaraka za kudumu ziwe na mahali pake pengine.

*Simama hapa:* Ikiwa kilichopotea ni pasipoti, kitambulisho au hati ya mali na kuna dalili ya wizi, usimalize wiki ukipekua droo. Toa taarifa polisi na kwa mamlaka iliyoitoa. Kama hakuna dalili ya wizi, maliza kupekua kwanza. Pasipoti ikisharipotiwa kupotea kwa kawaida hufutwa, na ukija kuiona chini ya godoro haitakuvusha mpakani hata kama tarehe yake haijafika.

Dalili: Unasafisha meza, siku chache imejaa tena

Safari hii usisafishe. Chukua karatasi ishirini za juu uzigawe mafungu matatu: ambazo hujaamua uzifanye nini, ambazo umeamua kuzitunza lakini hazina faili, na ambazo faili lake lipo ila hazijapelekwa. Fungu lililo kubwa ndilo linalokutajia ugonjwa.

Mara nyingi la kwanza ndilo kubwa. Ukiliangalia vizuri utakuta karatasi nyingi zinasubiri kitu: jibu la mtu, saini, tarehe ya kulipa. Ziwekee trei moja tu, yenye kingo fupi ili ikijaa ionekane. Kila karatasi inayoingia humo iandike kwa penseli, kwenye kona ya juu, kitenzi na tarehe: "lipa, tarehe 5", "piga simu Jumatatu", "saini". Karatasi iliyokosa kitenzi haina kazi kwenye trei; ni ya faili au ya kutupa. Kisha chagua siku moja ya wiki ya kuipitia trei yote hadi chini. Bila siku hiyo, trei inageuka meza ya pili.

Likiwa kubwa fungu la pili, una karatasi za aina mojamoja: matokeo ya kipimo, waranti ya pasi, barua ya kuthibitisha jambo fulani. Kufungulia kila moja faili lake ni kujichosha. Bahasha moja kubwa iliyoandikwa mwaka inatosha. Mwakani unaipitia yote kwa mara moja, na nyingi zitakuwa zimekwisha kazi.

Fungu la tatu likiwa kubwa, usijilaumu uvivu kabla hujahesabu hatua. Kwenda chumba kingine, kutafuta ufunguo, kushusha boksi, kutoboa matundu, kufungua springi, kuingiza, kufunga, kurudisha. Nani atafanya hayo usiku amechoka? Mafaili ya matumizi ya kila wiki yawe ya kudumbukiza tu, yasimame karibu na unapofungulia bahasha. Kufuli na springi viachie nyaraka zinazotolewa mara chache.

Mwisho kabisa tazama mlango. Bahasha ikifunguliwa mbali na pipa la taka, matangazo na bahasha yenyewe vitaishia mezani. Fungua ukiwa umesimama kando ya pipa. Unaweza pia kuomba taarifa za benki na bili zije kwa barua pepe, lakini kwanza thibitisha mambo mawili: unaweza kupakua za miaka mingapi nyuma, na ukifunga akaunti bado utazifikia? Watu hulijua jibu la swali la pili wakiwa wameshafunga akaunti.

Dalili: Mafaili yamevimba, droo haifunguki

Pima kwanza. Karatasi 500 za kawaida za gramu 80 zina unene wa kama sentimita 5 na uzito wa kilo 2.5. Rundo la urefu wa rula ya sentimita 30 ni takriban karatasi 3,000, kilo 15. Hesabu hii inakusaidia kupanga kazi, na pia inaeleza kwa nini boksi lililojaa karatasi halipaswi kukaa juu ya kabati ambako mtoto anaweza kulivuta.

Kinachovimbisha faili zaidi ni vitu ambavyo hata si nyaraka: bahasha za barua, vipeperushi vilivyokuja na bili, mifuko ya plastiki. Shika faili nene kuliko yote, toa hivyo tu, usisome kitu. Baada ya hapo ondoa nakala zilizojirudia. Mtu akiomba fotokopi moja ya cheti, sisi hupiga sita. Kisha vitabu vya maelekezo ya mashine ambazo hata hazipo tena nyumbani. Ukimaliza haya matatu ndipo ufikie maamuzi yenyewe.

Swali la kuamulia ni hili: ikipotea leo, nyingine nitaipata wapi, na kwa taabu gani? Vyeti vya kuzaliwa, ndoa, talaka, kifo na masomo, hati za mali, wosia, na hukumu za mahakama havitupwi, hata kama vina nakala kwenye kompyuta. Mikataba hutunzwa hadi iishe na muda wa kudaiana kisheria upite. Nyaraka za kodi zina muda uliowekwa na sheria ya nchi yako. Uulize kwa mamlaka ya kodi yenyewe, usiupokee kwa jirani. Waranti ni hadi iishe. Bili ya kawaida ya mwezi, ukiona malipo yamesomeka kwenye bili inayofuata na hakuna unayemdai wala anayekudai, haina sababu ya kuzeeka nawe.

*Simama hapa:* Kama kuna kesi, madai ya bima, ukaguzi wa kodi au mirathi isiyokwisha, usitupe hata kipande kabla ya kuongea na wakili. Kuharibu karatasi inayohusu shauri kunaweza kuwa kosa lenyewe. Makaratasi ya marehemu nayo ni hivyohivyo: barua chakavu ya kampuni usiyoijua yaweza kuwa alama pekee ya hisa, akiba au deni.

Zinazotupwa zikiwa na jina, namba za akaunti au saini, zichane. Mashine inayokata vipande vidogovidogo ni salama kuliko inayotoa mikanda mirefu, kwa kuwa mikanda inaweza kuunganishwa tena. Huna mashine? Chana kwa mkono ukipitisha mpasuko katikati ya namba na saini, loweka kwenye ndoo hadi zilegee, kisha vuruga. Kuchoma sikushauri: moshi, cheche, na plastiki zilizojificha kati ya karatasi.

Dalili: Risiti imefifia au imegeuka nyeusi

Karibu kila mara sababu ni karatasi yenyewe. Risiti nyingi huchapwa kwa joto, bila wino. Karatasi imepakwa kemikali inayobadilika rangi ikipashwa. Ipitishie ukucha haraka: ikiacha mstari mweusi, ndiyo hiyo. Joto huifanya nyeusi. Mwanga wa jua, gundi ya selotepu na plastiki laini huifanya ififie.

Ipige picha au fotokopi siku ileile unayoipata, na nakala ndiyo iingie kwenye faili ikiwa imebanwa pamoja na yenyewe. Usiipige laminesheni, maana joto la mashine litaifanya yote nyeusi. Ikiwa imeshafifia, ipige picha mchana penye mwanga wa kutosha, kisha ongeza utofauti wa rangi kwenye simu. Maandishi yasiyoonekana kwa macho wakati mwingine hujitokeza. Ikishindikana, aliyekuuzia anaweza kutoa nakala akipewa tarehe na kiasi, na taarifa ya benki inaonyesha malipo ingawa haitaji bidhaa.

Dalili: Harufu ya ukungu, madoa, matundu

Chanzo cha kawaida ni mahali. Boksi limegusa ukuta wa nje, limekaa sakafuni, au liko chini ya sinki. Weka kiganja ukutani nyuma ya rafu; ukihisi ubaridi wenye unyevu, umeshapata jibu. Hewa ikikaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 65 hivi, kuvu wanaweza kuota kwenye karatasi hata bila tone la maji. Sogeza rafu iache nafasi nyuma, inua maboksi sentimita 10 kutoka chini, na usijaze hadi hewa ikose pa kupita.

Cha pili ni kile kilichonunuliwa kwa nia njema. Mfuko wa plastiki uliofungwa kabisa hunasa unyevu uliokuwa tayari kwenye karatasi. Plastiki laini ya PVC hufanya maandishi ya fotokopi yabanduke yashike kwenye plastiki. Chagua mifuko ya polipropilini, mara nyingi imeandikwa PP. Pini za chuma hutoa kutu, mipira ya kufungia huoza ikaganda kwenye karatasi. Badilisha na utepe wa kitambaa, au bahasha tu. Na cheti usikikimbize kwenye laminesheni: haiondoki tena, na baadhi ya ofisi hukataa cheti ambacho muhuri wake hauwezi kukaguliwa.

Cha tatu ni wadudu. Mikwaruzo juu juu na kingo zilizolika kama ramani ni kazi ya wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaotimua mbio ukiinua karatasi, au mende waliofuata gundi. Njia za udongo ukutani au kwenye mguu wa kabati ni mchwa.

Karatasi zikilowa, saa 48 za kwanza ndizo zenye uzito, kwani baada ya hapo kuvu huanza. Usizichambue zikiwa chapachapa. Zibebe kwa fungu zima, zitandaze juu ya taulo penye feni, mbali na jua kali. Zikiwa nyingi kuliko nafasi, zifunge kwenye mifuko na uzigandishe kwenye friza. Zitasubiri hadi upate muda wa kuzikausha chache chache. Picha zilizoshikana usizibandue kwa nguvu.

*Simama hapa:* Ukungu ukiwa umeenea maboksi mengi, au mtu nyumbani ana pumu, usiupanguse ndani. Toa maboksi nje ukiwa umevaa barakoa ya N95 na glavu, au ita wanaoifanya kazi hiyo. Kinyesi cha panya kisifagiliwe kikavu. Lowesha kwa dawa ya kuua vijidudu kwanza, kisha okota kwa karatasi. Mchwa ni kazi ya fundi wa wadudu, kwa sababu wako ndani ya jengo na karatasi zako ni tawi tu. Maji ya choo yakizifikia, achana nazo isipokuwa zile zisizopatikana tena, na hizo zipeleke kwa mtaalamu wa kuhifadhi nyaraka.

Dalili: Umeskani kila kitu, na bado huoni kitu

Sababu ni majina ambayo mashine imeyapa mafaili. Anza jina na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, mfano 2024-03-15, kisha nani, kisha nini. Mafaili yatajipanga yenyewe. Skani kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), inatosha maandishi ya kawaida. Yaliyokwisha kurundikana usiyabadilishe majina yote. Badilisha lile unalolifungua.

Tunza nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Angalizo moja kuhusu masanduku yasiyoungua: yaliyotengenezwa kwa ajili ya karatasi hulenga joto la ndani lisivuke nyuzi 177 hivi, na flashi au diski hufa kabla ya hapo.

*Simama hapa:* Diski ikianza kugongagonga, izime. Kila jaribio la kuiwasha linaweza kuikwangua zaidi. Mpelekee fundi wa kuokoa data.

Dalili: Kila ukianza kupanga, unakwama

Wengi hukwama kwa kuanzia mahali pabaya: barua za zamani, picha, daftari za watoto. Karatasi moja ya hivyo inakula jioni nzima. Anza na bili. Wengine humwaga kabati zima sakafuni saa mbili usiku. Toa kiasi cha kiganja kimoja, maliza, ndipo utoe kingine. Na wapo wanaopanga makaratasi yasiyo yao. Hapo utakwama hadi mwenyewe awepo.

Sababu ya nadra ina jina la kitabibu. Ugonjwa wa kulimbikiza vitu ulitambuliwa peke yake kwenye mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili mwaka 2013, na umo katika ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022. Alama yake ni mtu kuumia kweli akiambiwa atenganishwe na kitu, hata gazeti la zamani, huku kitanda, jiko au mlango vikiwa havitumiki tena kwa sababu ya mirundo. Usiite lori akiwa safarini ili umshangaze kwa nyumba safi. Kutupa vitu vyake bila ridhaa yake humuongezea maumivu na kuvunja uaminifu, na mirundo hurudi. Mtafutie daktari au mtaalamu wa afya ya akili. Wakati mkisubiri miadi, mkubaliane kuondoa mirundo iliyo kwenye njia ya kutokea, pembeni ya jiko na juu ya nyaya za umeme tu, na kila karatasi aishike yeye kabla haijasogezwa.